Sura ya 7: Kamba ya Mita 30

Siku mgonjwa wa kifua kikuu (TB) anapomeza kidonge cha mwisho, baada ya miezi sita, kliniki hufunga faili lake. Makohozi hayana tena vimelea, uzito umerudi, amepona, na anaagwa kwa mkono wa heri. Ni haki yake kuagwa hivyo. Lakini mtu huyohuyo akishuka kwenye gari Lumuma, wilayani Kilosa, na kuanza kupanda kilima kwenda kwake, atasimama mara nne njiani akijifanya anatazama mashamba ya vitunguu. Anachotafuta ni pumzi.

Tanzania ina historia ya kujivunia katika kuwahesabu waliopona. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na ndani yake daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, alionyesha kwamba hata nchi maskini inaweza kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, wilaya kwa wilaya, mpaka dozi iishe. Shirika la Afya Duniani lilipoutangaza mkakati wa DOTS wa kutibu TB katika miaka ya 1990, lilikuwa likieneza mambo yaliyokwisha kujaribiwa hapa kwetu. Kwa hiyo sisemi kwamba daftari la kliniki ya TB ni baya. Nasema lina nafasi ya kuandika kwamba vimelea vimekwisha, halina nafasi ya kuandika kama mtu anaweza kujitwisha ndoo ya maji.

TB ikiondoka huacha nyumba imebomoka. Sehemu za pafu hubaki na makovu yasiyotanuka, njia za hewa hulegea na kutunza makohozi, na kikohozi kinarudi kila baridi ikiingia. Baadhi ya watu huanzishiwa dozi ya TB mara ya pili ingawa makohozi yao hayaonyeshi kitu. Wengine huambiwa wana pumu. Na TB ni mlango mmoja tu wa kuingilia katika hali hii. Upo moshi wa mafiga matatu, miaka 30 au 40 ya kuinamia chungu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ipo sigara. Ipo pumu ya utotoni ambayo haikutibiwa kwa dawa sahihi. Wachimbaji wa Mererani wana vumbi la mawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka eneo la vijijini hapa Tanzania ulikuta asilimia 17.5 ya watu wenye miaka 35 na kuendelea wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Uganda, katika wilaya ya Masindi, watafiti walikuta asilimia 16.2 kwa watu waliovuka miaka 30. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila watu wazima sita. Hesabu safu ya viti kanisani au msikitini kwako, utaona ukubwa wa jambo lenyewe.

Sasa, msomaji aliyefuatana nami tangu sura ya kwanza anajua swali ninaloliuliza kabla ya kuongea habari ya fedha: kitu gani hasa kinamsaidia mhusika, na je, kinaweza kufanywa hapa? Kwa mapafu jibu lake linashangaza kwa unyonge wake. Kinachosaidia sana, mbali na dawa, ni mazoezi. Wataalamu wanaita utengamao wa mapafu. Mgonjwa anakutana na wenzake mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita hivi, chini ya macho ya mhudumu aliyefundishwa. Anatembea. Anaketi kitini na kusimama, anaketi na kusimama. Anainua chupa zilizojazwa mchanga. Anajifunza kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji kwenye kijiko. Anajifunza kutoa makohozi bila kujichosha, na kupanga kazi za siku ili asimalize nguvu zote asubuhi.

Mwaka 2015 mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yaliyokusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822 yalifikia hatua ya kusema kwamba hakuna tena haja ya kufanya majaribio mengine ya kuuliza kama mazoezi haya yanafaa kuliko kumwacha mgonjwa na huduma ya kawaida. Ni nadra kuwasikia watafiti wakisema imetosha. Na kwa anayedhani haya ni mambo ya hospitali za Ulaya zenye mashine za kukimbilia, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliyajaribu mazoezi hayo kwa watu walioachiwa mapafu mabovu na TB. Waliohudhuria walitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza.

Twende Lumuma. Kata hii imekaa bondeni ndani ya safu ya milima ya Rubeho, upande wa magharibi wa wilaya ya Kilosa, inapogusana na Mpwapwa. Mto wenye jina hilohilo unatelemka kuelekea mto Kinyasungwe, upande wa Reli ya Kati. Morogoro na Dodoma wanaijua Lumuma kwa vitunguu. Maji ya mfereji, vitalu, vibarua, madalali, magunia. Hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini. Ile ya Mtakatifu Kizito iko Mikumi, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, mbali zaidi. Mvua ikikolea, barabara ya milimani ndiyo inayoamua nani afike kliniki na nani asifike.

Ukitaka kuanzisha hapa biashara ya kijamii ya kuwasaidia wenye maradhi sugu ya mapafu, wazo la kwanza litakalokujia ni kuwauzia kitu. Dawa ya kupuliza kwa bei nafuu, kifaa cha kupima pumzi, uanachama wa kliniki. Nakuomba uliache wazo hilo hapohapo lilipozaliwa. Mtu aliyeishiwa pumzi ameishiwa pia kibarua. Analima nusu ya alichokuwa akilima, analipa wengine wapalilie, na kila shilingi unayomtoza unaitoa kwenye mlo wa watoto. Biashara inayomtegemea mgonjwa kama mteja italazimika ama kumkamua ama kufa, na nimeona zikifanya yote mawili kwa mfuatano huo.

Mnunuzi awe mtu mzima wa afya. Huu ndio msimamo wa sura nzima, na mifano ya kuutetea haiko mbali. Iringa, saa chache kutoka Mikumi kwa basi, kuna Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa vijana watatu viziwi. Walianza kwa kutengeneza karatasi, hata ya kinyesi cha tembo, na anayeinunua anainunua kwa sababu anaitaka. Angalia jambo hilo kwa makini. Huruma hununua mara moja, kisha inaenda kumhurumia mwingine. Dar es Salaam iko hospitali ya CCBRT, ambako mapato ya kliniki ya wanaojiweza husaidia kuwatibu wasiojiweza.

CCBRT hiyohiyo inatupa funzo la pili. Wanawake wenye fistula hawakuwa wakifika, japo matibabu yalikuwa bure. Kikwazo kilikuwa nauli. Kuanzia mwaka 2009 hospitali ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake wa vijijini. Balozi anamtafuta mgonjwa, anampandisha basi, na mgonjwa akipokelewa balozi naye anapata chake kidogo. Tangu nilipolielewa jambo hilo, kila mtu akiniletea mpango wa biashara ya afya vijijini naruka kurasa zote nitafute neno moja: nauli. Nisipoliona, narudisha karatasi.

Basi tufanye hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Una watu 20. Vipindi ni 12, yaani viwili kwa wiki sita. Bodaboda kwenda na kurudi, tuseme 4,000 kwa kila mmoja: hiyo ni 960,000. Posho ya mhudumu anayesimamia, 20,000 kwa kipindi: 240,000. Chai, kamba, daftari na matengenezo madogo, weka 100,000. Jumla ni shilingi 1,300,000 kwa kundi moja la watu 20. Fedha yote hiyo haimnunulii mtu hata mashine moja. Karibu robo tatu yake inakwenda kwenye magurudumu mawili ya pikipiki.

Itoke wapi? Hapo ndipo vitunguu vinapoingia. Mkulima wa Lumuma anaumia wakati wa mavuno, maana kila mtu anavuna pamoja naye, dalali anajua hivyo, na gunia linajazwa lumbesa kinyume cha sheria ya vipimo. Mwenye pa kuhifadhia, aliyevikausha vizuri shingo kabla ya kuviweka kwenye ghala lenye vichanja na hewa ya kupita, anaweza kusubiri miezi miwili mitatu mpaka bei ipande. Kikundi chako kikijenga ghala la namna hiyo na kubaki, baada ya kutoa vilivyooza, na 15,000 kwa kila gunia, magunia 87 yanalipa kundi zima la mazoezi. Kwa bonde linalolima vitunguu kwa wingi kama huu, magunia 87 si mlima.

Usinielewe vibaya: kitunguu ni kamari. Yupo atakayekueleza habari za mwaka ambao bei haikupanda kabisa, vikachipua ghalani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fedha ya msimu huu ilipie mazoezi ya msimu ujao. Usiwaite watu 20 kwa ahadi ya faida ambayo bado iko kwenye vichanja. Mgonjwa aliyeanza kutembea vizuri ukamkatiza wiki ya tatu kwa kuwa soko limeanguka, hatakuja tena ukimwita, na majirani zake hawatakuja pia.

Na wagonjwa wenyewe wafanye kazi gani? Wazuri kwa daftari, kwa mizani, kwa kupokea na kutoa stakabadhi, kwa kupiga simu sokoni kuuliza bei. Kuchambua na kupanga vitunguu kwa ukubwa ni kazi ya kukaa, inaonekana kama imetengenezwa kwa ajili yao, lakini ina mtego: maganda makavu hutoa vumbi. Kazi hiyo ifanyike nje, upande unaotoka upepo, na asiyeweza asilazimishwe. Kupulizia dawa shambani hapana, hata kwa siku moja, hata kwa malipo mara mbili.

Natoka nje ya njia kidogo niseme habari ya majiko. Kila anayesikia neno "mapafu" hukimbilia jiko banifu, na wafadhili wanalipenda kwa sababu linapigika picha. Malawi, katika wilaya za Chikwawa na Karonga, hiyo Karonga ikiwa ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kyela, watafiti waligawa majiko yaliyoboreshwa ya kuni na kufuatilia watoto 10,750 katika jamii 150. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017. Nimonia haikupungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi ulikuwa bado unatoka kwa jirani, kwenye takataka zinazochomwa, kwenye taa, kwenye jiko la zamani ambalo halikutupwa. Jiko banifu linaokoa kuni na muda wa kuzitafuta, na hiyo ni sababu tosha ya kuliuza. Liuze kwa sababu hiyo. Ukiliuza kama dawa ya kifua unadanganya. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mtungi wa gesi ukifika Lumuma kwa bei inayobebeka, hilo litawafaa wajukuu. Bibi mwenye miaka 60 kovu lake limekwisha kukaa. Anahitaji kutembea.

Usajili nitaupitia haraka, kwa sababu watu huanza nao na kuishia nao. Tanzania haina sheria mahususi ya biashara ya kijamii. Unaweza kuwa kampuni kupitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unaweza kuwa shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, unaweza kuwa ushirika chini ya sheria ya 2013. Kwa watu 20 wa kata moja, kikundi kilichosajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii kinatosha kwa miaka miwili ya kwanza. Kikundi pia ndicho kinachoweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ila tazama mgawo wake: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mzee wa miaka 58 asiyeweza kumaliza ngazi kumi bila kutweta haonekani popote katika mgawo huo, isipokuwa atambuliwe kuwa mtu mwenye ulemavu. Nionavyo mimi, anastahili. Mpaka atambuliwe, kikundi kiongozwe na akina mama, ambao kwa moshi walioula hawatakosekana.

Mambo mawili hayana mjadala. La kwanza, hakuna anayeanza mazoezi kabla makohozi yake hayajapimwa TB. Unawakusanya watu wanaokohoa. Ukikosea hapo umeanzisha kiwanda cha maambukizi. Mkoa wa Morogoro una bahati ya pekee katika hili, kwa kuwa ndiko waliko panya buku wa shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao kila mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi na kuonyesha zile zenye harufu ya TB ili maabara izihakiki. Hata hivyo mlango wako wa kila siku ni zahanati na kliniki ya TB iliyo karibu. La pili, vipindi vyote vifanyike nje, chini ya mti, na mganga wa zahanati au kituo cha afya amkague kila mtu kwanza. Maumivu ya kifua, damu kwenye makohozi, miguu kuvimba, kuzimia: huyo anakwenda hospitali, haji kwenye kamba.

Dawa nazo zisisahaulike. Wengi hutegemea pampu ya bluu ya salbutamol, inayofungua kifua kwa saa chache, wakati mwenye pumu anahitaji hasa ile ya kuzuia, yenye steroidi, ambayo usitegemee kuikuta katika kila zahanati. Hapo kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja: watu 20 wenye cheti cha daktari ni oda, na oda inaleta dawa. Kadi ya bima ya afya ya kaya inaweza kuwa matumizi ya kwanza ya faida ya ghala. Na kwa mtoto asiyeweza kuvuta pampu kwa mpigo sahihi, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa tundu la kutosha mdomo wa pampu inafanya kazi ya spesa ya dukani. Watafiti wa Cape Town walilithibitisha hilo mwaka 1999. Chupa hizo zimejaa pembezoni mwa barabara ya Mikumi.

Nani atawakusanya watu? Temeke kuna MUKIKUTE, kikundi cha watu waliougua TB wakapona, wanaopita mtaa kwa mtaa kuwatafuta wenye dalili. Wanasikilizwa kwa sababu waliyaona wenyewe. Lumuma nako wapo waliopona, na majina yao yamo katika lile daftari linalotunzwa vizuri. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiandamana na mmoja wao, nyumba zitafunguka. Usitume kijana aliyevaa fulana yenye nembo. Tuma mama anayeweza kusema, "Shikamoo bibi, hata mimi nilikuwa nakaa hapo mlangoni hivyohivyo."

Nimebakiza kamba. Kipimo kinachotumika duniani kote kujua kama mapafu ya mtu yanamfaa maishani ni kutembea kwa dakika sita kwenye njia iliyonyooka ya mita 30, kwenda na kurudi, huku mwenye saa akihesabu mizunguko. Mtu anaruhusiwa kusimama, kuegemea, kuendelea. Mwishoni unaandika mita alizotembea. Baada ya wiki sita unarudia. Akiongeza mita 30 hivi, wataalamu wanakubali kwamba kitu cha kweli kimebadilika katika maisha yake. Kwa hiyo urefu mmoja wa kamba ile ndiyo faida yako, na ndiyo utakayompelekea afisa maendeleo, benki au mfadhili akikuuliza umefanya nini. Magunia utayaandika kwenye ukurasa wa kushoto, mita kwenye ukurasa wa kulia.

Kwa hiyo kabla hujachonga mhuri, kabla hujachagua jina la kikundi, nunua kamba. Ya katani itafaa, Kilosa ni wilaya ya mkonge tangu enzi za ukoloni. Ilaze kwenye uwanja tambarare karibu na zahanati, weka jiwe kila mwisho, mwite mganga, na mwombe mtu mmoja atembee.